Sophiatown: usiku uliosimama juu ya hatimiliki

Sophiatown ilizaliwa na harufu mbaya. Mwaka 1897 mfanyabiashara Hermann Tobiansky alinunua shamba la ekari 237 magharibi mwa Johannesburg, takriban kilomita saba kutoka katikati ya mji, akakusudia kulikata viwanja na kuwauzia Wazungu. Mahali hapo akapaita kwa jina la mkewe, Sophia, na baadhi ya mitaa akaigawia majina ya watoto wake: Toby, Gerty, Bertha, Edith. Haikuchukua muda, halmashauri ya mji ikaweka mitambo ya majitaka jirani. Wanunuzi wa Kizungu wakaziba pua, wakaenda kutafuta kwingine. Tobiansky, ambaye viwanja vilikuwa vimemdodea, akaanza kumuuzia yeyote aliyekuja na fedha mkononi: Mwafrika, chotara, Mhindi, Mchina.

Biashara hiyo iliyoharibika ndiyo iliyozaa mtaa wa starehe uliovuma kuliko yote katika Afrika Kusini ya karne iliyopita. Humo walipita Miriam Makeba, Hugh Masekela na Dolly Rathebe. Humo waandishi wa jarida la Drum walikunywa, wakabishana na kuandika. Humo vijana walivaa suti za Kimarekani na kuringa barabarani huku wakijua karandinga ya polisi haiko mbali.

Simulizi za Sophiatown huanzia kwenye muziki na kuishia kwenye machozi ya bomoabomoa. Katikati husahaulika karatasi moja, yaani hatimiliki ya kiwanja. Bila karatasi hiyo kusingekuwa na baa, wala bendi, wala mwandishi wa kuvisimulia. Serikali ya Makaburu ililijua hilo vizuri kuliko mashabiki wengi wa leo.

Kiwanja chenye jina la Mwafrika

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwafungia Waafrika mlango wa kununua ardhi karibu kote nchini nje ya maeneo waliyotengewa. Sheria ya Maeneo ya Mijini ya mwaka 1923 ikazidisha kwa kuwahesabu Waafrika kuwa wapitaji tu mjini, watu wa kuja kufanya kazi na kuondoka. Lakini Sophiatown ilikuwa imekwisha kuuzwa. Pamoja na jirani zake Martindale na Newclare, na kitongoji cha Alexandra upande wa kaskazini, ilibaki miongoni mwa sehemu chache za Johannesburg ambako Mwafrika aliweza kushika hati yenye jina lake.

Tofauti kati ya hapo na kambi za manispaa ilikuwa kubwa. Katika kambi hizo kulikuwa na msimamizi Mzungu, nyumba zilikuwa mali ya halmashauri, na mgeni alitakiwa kuwa na kibali hata cha kulala kwa ndugu yake. Sophiatown haikuwa na msimamizi wala uzio. Mtu alishuka kwenye basi akaingia. Mwandishi, mwizi, mtumishi wa ndani aliyekuwa mapumzikoni, mwanamuziki kutoka Cape Town, hata Mzungu mwenye udadisi, wote waliingia kwa njia moja.

Kwenye Mtaa wa Toby, namba 73, Dk. Alfred Bitini Xuma alijenga nyumba yake katikati ya miaka ya 1930 na kuiita Empilweni. Alikuwa daktari aliyesomea Marekani na Uingereza, na kuanzia mwaka 1940 hadi 1949 aliongoza chama cha ANC. Ilikuwa nyumba ya haja, na watoto waliokuwa wakipita nje waliitazama kama ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana.

Lakini Empilweni haikuwa picha ya mtaa mzima. Wenye viwanja wengi walinunua kwa mkopo, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Wakajenga mabanda uani na kuyapangisha, banda baada ya banda, hadi kiwanja kilichokusudiwa kwa familia moja kikabeba familia nyingi zilizochangia bomba moja na choo kimoja. Kufikia miaka ya 1950 inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 54,000 waliishi Sophiatown, pamoja na machotara 3,000, Wahindi 1,500 na Wachina mia kadhaa. Wakazi waliiita Kofifi. Penye wengi pana mengi: mlango mmoja mwalimu, wa pili mganga, wa tatu mpikaji wa pombe, na wa nne kijana ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza anafanya kazi gani.

Sheria ndiyo iliyofungua baa

Tangu mwisho wa karne ya 19, sheria za Transvaal zilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali za Kizungu. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1962. Alichoruhusiwa ni pombe ya mtama, na katika Johannesburg manispaa yenyewe ilijipa haki ya kuipika na kuiuza katika kumbi zake. Faida yake ikaingia kwenye mfuko wa kuendeshea kambi za Waafrika. Kwa lugha nyingine, mnywaji alijilipia kambi aliyofungiwa.

Wanawake waliiona nafasi. Kazi za mjini zilizokuwa wazi kwa wengi wao zilikuwa hasa mbili: kufua nguo za Wazungu na kulea watoto wa Wazungu. Pombe ililipa zaidi. Wakapika majumbani, wakanunua brandi na wiski kwa mlango wa nyuma kupitia Wazungu na machotara waliokuwa radhi kufanya biashara hiyo, wakageuza sebule kuwa baa bubu. Walizika madebe ya pombe uani. Polisi nao walikuja na vyuma virefu, wakawa wanachoma ardhi kusikiliza ni wapi pangelia debe. Akikamatwa, mama alilipa faini, kesho yake akawasha moto tena. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kusikia habari za wapika gongo, au wa Nairobi anayezijua nyumba za chang'aa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Baa bubu zenyewe zilikuwa na matabaka. Za chini ziliuza skokiaan na barberton, pombe zilizochachuliwa harakaharaka kwa vitu ambavyo mnywaji alikuwa heri asivijue. Za juu zilikuwa na makochi, gramafoni, santuri za Duke Ellington, na mwenye nyumba aliyejua nani akae karibu na nani. Majina ya baa hizo yalitoka kwenye senema na ndoto za Kimarekani: Thirty-Nine Steps, Cabin in the Sky, The House on Telegraph Hill, na ile iliyovuma kuliko zote, Back of the Moon.

Fedha za pombe hazikuishia kwenye pombe. Zililipa ada za shule na marejesho ya viwanja. Zilizunguka katika stokvel, vikundi vya kuchangiana vinavyofanana na upatu wetu, ambavyo navyo viliandaa karamu ambapo mwanachama wa zamu aliuza vinywaji na chakula, bendi ikapiga, na faida ikawa yake. Mtu akiitazama starehe ya Sophiatown kwa jicho la mhasibu, ataona benki ya watu ambao benki haikuwafungulia mlango.

Dansi hadi alfajiri

Sheria nyingine iliyochonga usiku ule ni ya vipande. Mwafrika aliyekutwa mjini usiku bila kibali maalumu alilala rumande. Waandaaji wa dansi wakapata dawa. Ikiwa mteja hawezi kurudi nyumbani usiku wa manane, basi asirudi. Onyesho la jukwaani lilianza saa mbili usiku na kuendelea hadi saa sita: kwaya, vichekesho, waimbaji waliovaa suti zinazofanana. Baada ya hapo viti vilisogezwa ukutani, bendi ikapanga vyombo, watu wakacheza hadi saa kumi alfajiri, mabasi na treni yalipokaribia kuanza. Bendi iliyolazimika kupiga saa nne mfululizo bila watu kuchoka ilijifunza kurefusha wimbo, kupokezana vyombo na kubuni papo hapo. Sheria ya kuwazuia Waafrika kutembea usiku ikawa shule ya muziki wa jazi.

Mizizi ya muziki huo ni marabi, mtindo uliozaliwa kwenye vyumba vya pombe vya miaka ya 1920 na 1930. Mpiga kinanda alizungusha sauti chache zilezile bila kikomo huku wachezaji wakijimwaga. Vijana wa miaka ya 1940 waliuchanganya na swingi waliyoisikia kwenye santuri na senema za Kimarekani. Manhattan Brothers, waimbaji wanne wa kiume, wakawa wafalme wa jukwaa, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakamwita binti mmoja aje kuimba nao: Miriam Makeba. Dolly Rathebe, aliyekulia Sophiatown, alikuwa tayari nyota tangu mwaka 1949 alipoimba katika Jim Comes to Jo'burg, filamu ya mwanzo nchini humo iliyowaweka Waafrika mbele ya kamera kama wahusika wakuu. Thandi Klaasen na Dorothy Masuka walikuwa wa kizazi hichohicho. Kwa upande wa saksofoni, Kippie Moeketsi alipumulia ala yake kwa namna ambayo wenzake waliikubali bila ubishi.

Barabarani palikuwa na kwela, watoto na filimbi zao za bati wakipiga kwenye kona, huku jicho moja likiangalia kama polisi wanakuja. Ndani palikuwa na Odin, ukumbi wa senema wenye viti vipatavyo 1,200, uliotajwa kuwa mkubwa kuliko kumbi zote za Waafrika. Wikiendi, wapiga jazi wa Kiafrika na wa Kizungu walikutana hapo kupiga pamoja. Ukumbi uleule ulitumiwa kwa mikutano ya siasa, na mwaka 1953 polisi waliuvamia mkutano uliokuwa ukipinga mpango wa kuwahamisha wakazi.

Hugh Masekela hakuzaliwa Sophiatown, lakini ni tunda la kasisi wake. Padri Trevor Huddleston, Mwingereza wa shirika la Kianglikana, alifika mwaka 1943 kuhudumu katika Kanisa la Kristo Mfalme, ambalo mnara wake ulionekana kutoka mbali. Masekela alikuwa mwanafunzi mtundu wa shule ya Mtakatifu Petro iliyokuwa chini ya shirika hilo. Alipomwambia padri kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena, padri akamtafutia tarumbeta. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe aliwatumia vijana wa bendi ya shule hiyo tarumbeta kutoka Marekani.

Wenye kalamu na glasi

Jarida la Drum lilianzishwa mwaka 1951 huko Cape Town, na mwanzoni lilijaa ngano za kikabila na picha za ngoma za vijijini. Wasomaji wa mjini hawakuvutiwa. Mmiliki wake, Jim Bailey, alilihamishia Johannesburg na kumkabidhi uhariri kijana Mwingereza, Anthony Sampson, ambaye alifanya jambo la busara: akawasikiliza Waafrika waliomwambia kwamba wao wanataka jazi, ndondi, mapenzi, uhalifu na habari za kweli kuhusu maisha yao.

Henry Nxumalo, aliyejulikana kwa wasomaji kama Bwana Drum, alichunguza mateso ya vibarua katika mashamba ya Bethal mwaka 1952, kisha akajifanya akamatwe ili aone jela ya Johannesburg kwa macho yake. Aliuawa usiku wa Desemba 31, 1956 akiwa katika uchunguzi mwingine. Todd Matshikiza, mpiga kinanda na mtunzi, aliandika safu ya muziki kwa Kiingereza kilichorukaruka kama vidole vyake. Bloke Modisane, Lewis Nkosi, Arthur Maimane, Es'kia Mphahlele na Nat Nakasa walipita katika chumba kilekile cha habari. Wapiga picha Jürgen Schadeberg, Bob Gosani na Peter Magubane ndio waliotuachia sura za watu hao.

Schadeberg alimpiga Dolly Rathebe picha akiwa na vazi la kuogelea juu ya kilima cha mchanga. Ukiitazama haraka utadhani yuko ufukweni. Kumbe kile ni kifusi cha mgodi wa dhahabu, kwa kuwa Johannesburg haina bahari. Polisi walipomwona mwanamume wa Kizungu na mwanamke Mwafrika juu ya kilima hicho, waliwakamata wakiwashuku kuvunja sheria iliyokataza mapenzi kati ya rangi hizo mbili.

Moyo wa kundi hilo ulikuwa Can Themba, msomi wa Fort Hare na mwalimu wa Kiingereza aliyeshinda shindano la hadithi fupi la Drum mwaka 1953. Chumba chake kwenye Mtaa wa Ray alikiita Nyumba ya Ukweli. Vijana walikutana hapo, chupa katikati, wakichambua Shakespeare, wanawake, siasa na Mungu hadi usingizi ulipowashinda. Mwandishi Mzungu Nadine Gordimer alikuwa miongoni mwa waliolifahamu kundi hilo kwa karibu, na riwaya yake ya mwaka 1958, A World of Strangers, ina harufu ya vyumba vile.

Kuna jambo wapenda Sophiatown hulipita haraka. Glasi ile iliua. Ilikuwa namna ya kuidharau sheria iliyomfanya mtu mzima awe mtoto, lakini ini halijui siasa. Themba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa uhamishoni Swaziland, kabla hajafikia hata robo tatu ya umri wa kustaafu. Na wale wanawake waliomimina pombe ile hawakupata kuandika upande wao, hivyo usiku tunaousoma leo ni usiku ulioonwa kutoka kwenye kochi la mteja.

Suti, kisu na senema

Magenge yalichagua majina kama yalivyochagua kofia: Americans, Berliners, Gestapo, Vultures. Americans waliiba bidhaa kwenye mabehewa ya treni na magari ya maduka makubwa, wakaziuza mtaani kwa bei poa. Kwa sababu hiyo wakazi wengi waliwavumilia, hata wakawapenda kidogo. Walivaa viatu vya Florsheim na kupenda magari marefu. Kijambazi aliyeigizwa na Richard Widmark katika filamu ya mwaka 1948, The Street with No Name, alipata wafuasi wengi Sophiatown. Vijana waliirudia filamu hiyo hadi wakawa wanatangulia kusema maneno kabla ya mwigizaji.

Isidhaniwe kwamba ulikuwa mchezo tu. Visu vilikuwa vya kweli. Wasanii wa kike walieleza walivyotekwa na kulazimishwa kuimba mbele ya kundi la wahuni. Wafanyakazi walinyang'anywa mshahara siku ya Ijumaa kabla hawajafika nyumbani. Mmoja wa viongozi wa Vultures, Don Mattera, aliacha kisu, akaingia kwenye siasa na ushairi, na baadaye akaandika kumbukumbu zake bila kuuficha ukatili wa ujana wake. Serikali ilipotafuta hoja ya kuubomoa mtaa, ilitaja uhalifu na uchafu, na hakuna mkazi mkweli aliyeweza kusema kwamba vitu hivyo havikuwapo. Swali ni kwa nini dawa ya uhalifu iwe kumhamisha aliyeibiwa.

Bomoabomoa

Jibu liko kwenye ramani. Kufikia miaka ya 1940 mji ulikuwa umekua, na vitongoji vya Wazungu kama Westdene na Newlands vilikuwa vimefika hadi kwenye mipaka ya Sophiatown. Harufu iliyowafukuza Wazungu mwanzoni ilikuwa imesahaulika. Mwaka 1944 halmashauri ya jiji ilipitisha wazo la kuwaondoa Waafrika upande wa magharibi. Chama cha National kiliposhika serikali mwaka 1948, wazo likapata msukumo, na Hendrik Verwoerd, waziri wa mambo ya Waafrika kuanzia mwaka 1950, akalifanya kazi yake. Halmashauri iliposita, bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1954 iliyounda bodi maalumu ya kuwahamisha watu.

Tazama jinsi walivyolenga. Baa bubu zilikuwa zimesakwa kwa miaka hamsini bila kufa. Madebe yalimwagwa, mama akapigwa faini, jioni wateja wakarudi. Vipande vilikaguliwa kila usiku na dansi halikukoma. Kilichokuwa kimewashinda ni kwamba ardhi ilikuwa ya wenyeji. Safari hii wakaifuata ardhi yenyewe. Meadowlands, mahali palipoandaliwa kuwapokea waliohamishwa, hapakuwa na hatimiliki. Mwenye kiwanja na mpangaji wake waliingia huko wakiwa sawa: wapangaji wa serikali. Na watu ambao kwa miaka walikuwa wakichanganya Kizulu, Kisotho, Kixhosa na Kiafrikana katika sentensi moja waligawanywa kanda kwa kanda kulingana na kabila.

ANC iliitisha upinzani. Nelson Mandela alihutubia umati Sophiatown mwaka 1953, na alieleza baadaye kwamba jioni hiyo alisema hadharani kwamba wakati wa kupinga bila nguvu umekwisha, maneno ambayo viongozi wenzake walimkaripia kwayo. Huddleston alisimama upande wa wakazi. Lakini upinzani ulikuwa na ufa. Mpangaji aliyelala na watoto watano kwenye banda, huku akimlipa mwenye nyumba kodi kubwa, aliitazama nyumba ya vyumba kadhaa ya Meadowlands na kujiuliza anamtetea nani.

Tarehe ya kuanza ilitangazwa kuwa Februari 12, 1955. Serikali ikawawahi watu kwa siku tatu. Alfajiri ya Februari 9, askari wapatao 2,000 wenye silaha waliuzingira mtaa, malori yakapangwa, familia za kwanza zikapakiwa na vyombo vyao. Kazi hiyo iliendelea mtaa kwa mtaa kwa takriban miaka mitano. Machotara walipelekwa kwingine, Wahindi wakapelekwa Lenasia. Kwa muda wote huo watu waliishi, walikunywa na kuimba kati ya nyumba zilizobomolewa nusu. Wimbo wa Strike Vilakazi kuhusu Meadowlands, wa mwaka 1956, ulipendwa na pande zote mbili: maofisa waliusikia kama sifa kwa makazi mapya, na waliohamishwa waliucheza wakijua kejeli iliyomo.

Kutoka Kofifi hadi Masasi

Wakati nyundo zikiendelea, mtengeneza filamu Mmarekani Lionel Rogosin alipiga kwa siri filamu Come Back, Africa, akidanganya maofisa kwamba anashughulikia muziki wa mitaani. Modisane, Nkosi na Themba wamo, wakibishana kwenye baa bubu, na Makeba anaingia na kuimba. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 1959, Makeba akaifuata huko, na kutoka hapo safari yake ikaelekea Marekani. Mwaka uliofuata alipotaka kurudi kumzika mama yake, alikuta pasipoti yake imefutwa.

Mwaka uleule wa 1959, Februari, mchezo wa kuimba uitwao King Kong ulifunguliwa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza, hadithi ilikuwa ya bondia Ezekiel Dlamini, na Makeba aliigiza malkia wa baa. Baa yenyewe jukwaani iliitwa Back of the Moon. Ile ya kweli ilikuwa inaondolewa duniani, na watazamaji wa Kizungu walikuwa wakiipigia makofi wakiwa wameketi. Mchezo ulipokwenda London mwaka 1961, wasanii kadhaa hawakurudi, wakiwamo Manhattan Brothers.

Kutawanyika huko kuligusa pia upande wetu wa bara. Makeba alifika Afrika Mashariki mapema katika miaka ya 1960, akaimba Malaika katika majukwaa ya dunia hadi watu wa mbali wakadhani Kiswahili ndiyo lugha yake. Na Padri Huddleston, aliyeitwa nyumbani na shirika lake mwaka 1956, alirudi Afrika mwaka 1960 akiwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, ambako alikaa hadi mwaka 1968. Waumini wa Masasi waliompokea askofu huyo mrefu mwembamba walikuwa wakimpokea mtu aliyetazama parokia yake nzima ikipakiwa kwenye malori. Alifariki mwaka 1998, na majivu yake yakapelekwa Kanisa la Kristo Mfalme, Sophiatown.

Waandishi walitawanyika vibaya zaidi. Mwaka 1966 serikali ilipiga marufuku kuchapisha au kunukuu maneno ya Themba, Modisane, Maimane, Nkosi, Matshikiza na Mphahlele ndani ya nchi yao. Nakasa alikuwa amekwisha kufa New York mwaka 1965. Matshikiza alifia Lusaka mwaka 1968, Modisane alifia Ujerumani mwaka 1986.

Jina limerudi

Juu ya kifusi serikali ilijenga kitongoji cha Wazungu wa kipato cha chini na kukiita Triomf, yaani ushindi. Marlene van Niekerk alilitumia jina hilo kwa riwaya yake ya mwaka 1994, kuhusu familia maskini ya Kikaburu inayoishi juu ya mabaki ya maisha ya wengine. Februari 2006 jiji la Johannesburg liliondoa jina la Triomf na kurudisha Sophiatown. Kanisa lipo. Nyumba ya Dk. Xuma ipo, imegeuzwa kituo cha urithi na utamaduni, na mgeni anaweza kuingia na kutazama picha.

Ni jambo zuri, lakini tusichanganye mambo. Nchi nyingi siku hizi hupenda kurudisha jina, kuweka bamba la kumbukumbu ukutani na kualika bendi ipige nyimbo za zamani, halafu zikahesabu kwamba historia imelipwa. Muziki wa Sophiatown haukuhitaji kurudishwa, maana haukupotea. Ulikwenda na Makeba na Masekela, ukasikika New York, London na Dar es Salaam. Kilichopotea ni uwezo wa mama mwenye baa kuamka asubuhi ndani ya nyumba ambayo hakuna ofisa aliyeweza kumtoa bila sheria mpya ya bunge.

Hapa ndipo mtaa huo wa mbali unapotuhusu. Miji yetu nayo ina mitaa iliyozaa bendi, magazeti na misemo, na kila mara mtaa wa aina hiyo unapofifia tunalaumu vijana kuacha muziki wa dansi, au polisi kufunga baa mapema. Mfano wa Sophiatown unatutaka tuulize kwanza nani aliyekuwa mwenye kiwanja, na nani sasa. Dk. Xuma alikuwa na shahada za udaktari, alikuwa ameongoza chama kikubwa kuliko vyote vya Waafrika nchini mwake, na hati yake ilikuwa halali. Mwaka 1959 ilimbidi aiache Empilweni na kuhamia Dube, Soweto, ambako aliishi hadi kifo chake mwaka 1962, katika nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ambayo sheria haikumruhusu kuimiliki.